Hackathon yetu ya debe na ngedere, Mtwara vijijini

Wakuu, kwema humu ndani?

Juzi nilialikwa kuwa jaji kwenye hackathon ya vijana wa sekondari hapa mjini. Laptop kila meza, wi-fi, juisi za boksi. Vijana wanatengeneza app za kutatua matatizo ya jamii. Nikajikuta natabasamu peke yangu mpaka jaji mwenzangu akaniuliza kama niko sawa.

Nilikuwa nimekumbuka ya kwetu. Umeme hatukuwa nao, na hilo neno hackathon hakuna aliyekuwa amelisikia. Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Mkifika kwenye ngedere mtasema nimetia chumvi, ila chumvi waliitia wenyewe.

Ilikuwa miaka ya 2000, wakati shule za kata zinachipuka kila kona. Mimi mtu wa Njombe, nimezoea baridi na viazi, nikapangiwa shule moja Mtwara vijijini, upande wa kata ya Ziwani. Jina la shule naomba libaki kapuni. Nilikuwa nafundisha Fizikia na Hesabu, na kwa vile walimu tulikuwa wachache, michezo na bustani navyo vyangu.

Kilichokuwa kinatumaliza ni utoro. Mihogo ikikomaa na mabibo ya mikorosho yakianza kudondoka, darasa linapukutika.

Unaita jina, wenzake wanajibu, "Yupo shamba, analinda ngedere."

Wakuu, wiki ya kwanza nilidhani huku watu wanafuga ngedere.

Kumbe mtoto anakaa shambani kutwa nzima anapiga kelele ili ngedere wasifukue mihogo. Akija shule siku moja, nyumbani wanalala njaa mwezi.

Sasa kulikuwa na binti mmoja wa Form Two, tumwite Somoe. Kichwa hasa. Yule mwanafunzi akinyoosha mkono unaomba kengele ilie. Baba yake, Mzee Hamisi, wazee wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na yeye akazaliwa huku huku. Mkulima, mtu wa msikitini, maneno machache.

Siku moja Somoe akaniambia baba yake ameamua asije tena shule mpaka mavuno yaishe. Nilijua maana yake. Wengi walioenda "mpaka mavuno" hatukuwaona tena.

Nikapanda baiskeli nikaenda kwake. Akanikaribisha vizuri, akanipa mkeka na mihogo ya kuchemsha, akanisikiliza mpaka nikamaliza hotuba yangu yote ya elimu ni ufunguo. Halafu akasema:

"Nwalimu, ntoto akija kwako anapata hesabu. Ngedere akija kwangu anapata muhogo. Sasa sisi usiku tule hesabu?"

Nikala mihogo nikaondoka.

Njiani ndiyo wazo likanijia. Kwa nini tusiwape wanafunzi wenyewe haya matatizo? Wiki nzima, jioni baada ya vipindi, kila kundi lichague tatizo moja la nyumbani kwao, litengeneze suluhisho kwa vitu vilivyopo, Jumamosi liwaoneshe wazazi.

Mkuu wa shule, Mwalimu Mbaruku, alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Kumbe alishaona nafasi ya kumwalika afisa elimu kutoka wilayani. Akaniita pembeni.

"Mwalimu, mgeni akiaibika hapa, wewe na hayo masuluhisho yako mtatafuta shule nyingine."

Mzee Hamisi naye nikamwomba wiki hiyo moja tu. Akasema sawa, wiki moja, Jumamosi atakuja kuangalia, na ndiyo mwisho.

Jumatatu tukaanza. Wakuu, vijana wana mambo! Kundi moja tatizo lao lilikuwa maharage ya shule yasiyoiva. Jingine likataka ngonjera ya malaria, nikawaambia mbu hasikii ngonjera. Kundi la tatu wakachuja maji kwa mchanga na mkaa, kazi safi kabisa.

Kundi la Somoe wakachagua ngedere.

Walitundika debe kwenye mkorosho wa shambani kwa Mzee Hamisi. Pembeni dumu la maji lenye tundu dogo, linadondosha kwenye kopo. Kopo likijaa linapinduka, linavuta kamba, rungu linapiga debe. NGOO! Kopo linarudi, linajaa tena, NGOO! Kutwa nzima bila mtu.

Fizikia yangu hiyo jamani! Nusura nilie.

Jumanne ngedere walikimbia kama wameona chui. Somoe akashinda darasani. Mimi nikaanza kutembea kifua mbele. Hata Mwalimu Mbaruku akaniita "engineer".

Jumatano jioni Mzee Hamisi akakuta matuta mawili yamefukuliwa.

Alhamisi Somoe akaomba ruhusa, akapanda mkorosho akajificha achunguze. Alivyorudi alikuwa na uso wa mtu aliyetoka msibani.

"Mwalimu, wanakuja debe likilia."

"Wanakuja vipi?"

"Wanakaa kule porini wanasikiliza. Likilia, wanashuka. Wameshajua debe likilia hakuna mtu."

Nilikaa chini, wakuu. Tulikuwa tumewatengenezea ngedere kengele ya chakula.

Nikamwambia tuachane nalo, kundi lake lijiunge na wa maji. Somoe akanikatalia. Kwanza alilia, kisha akawa anachora chora mchangani kwa kidole. Mwisho akasema, "Kama wanaitika, basi tuwaite kwingine."

Mpango wake ulikuwa huu. Debe lihamishwe pori la upande wa pili, mbali na mashamba, chini yake yamwagwe mabibo yaliyooza ambayo hayana mwenyewe. Ngedere watakimbilia huko kwanza. Halafu mashamba yanayopakana yalindwe na mtu mzima mmoja kwa zamu, leo nyumba hii, kesho ile, badala ya kila nyumba kumtoa mtoto wake.

Ijumaa baada ya swala wakajaribu. Ngedere wakaenda kwenye mabibo kama wamealikwa harusi.

Jumamosi ikafika. Wazazi wamejaa, kina mama na khanga zao, meza ya wageni ina pilau, chapati na ndizi mbivu. Afisa elimu ndani ya suti nzito, joto la Mtwara lile, jasho linamtiririka.

Maharage wakapita. Maji wakapita, afisa akanywa, akasifu. Akaja Somoe na debe lake. Akaeleza vizuri hadi mwisho.

Afisa akauliza, "Kwa hiyo mashine yenu inaita ngedere?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Uwanja mzima ukacheka. Mwalimu Mbaruku akaniangalia kwa jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka nanyooka mgongo.

"Haya, piga tusikie."

"Nisilipige, mheshimiwa. Pori lao linafika hadi nyuma ya shule, wanaweza kuja."

"Binti, hapa ni shule. Piga!"

Somoe akanitazama. Ningefanya nini? Nikaitikia kwa kichwa.

NGOO! NGOO!

Hakuna kitu. Watu wakacheka tena, Somoe akarudi kukaa kichwa chini. Mzee Hamisi nikamwona anatikisa kichwa taratibu. Nikasema basi, huyu mtoto tumempoteza.

Afisa akasimama kuhutubia. Alikuwa kwenye "serikali yenu sikivu" aliposikia kina mama nyuma wanapiga yowe.

Walitokea kwenye mikorosho nyuma ya choo. Kundi zima, wazee kwa watoto, mwendo wa watu wanaojua wanakokwenda. Moja kwa moja meza ya wageni!

Ndizi ziliondoka kwanza. Mmoja akavuta kitambaa, pilau ikafuata. Mwalimu Mbaruku akapambana kishujaa kuokoa sinia la chapati, akabaki na sinia. Afisa elimu tulimkuta juu ya kiti, suti na yote, anauliza kama wanauma.

Dume moja kubwa lilikaa mezani likamenya ndizi bila haraka, linatutazama sisi kama ndiyo tuliovamia.

Katikati ya vurugu nikasikia mtu anacheka. Siyo kicheko cha kawaida. Mzee Hamisi alikuwa amekaa chini kwenye mchanga, kofia imemdondoka, machozi yanamtoka, anapiga paja.

"Ntoto kasema watakuja! Ntu mzima kabisha!"

Ngedere walipoondoka, afisa akashuka, akajipangusa. Tukasubiri hukumu. Akasema, "Nimesoma ripoti nyingi za utoro. Leo ndiyo nimekutana na wahusika."

Uwanja ulilipuka kwa makofi.

Mzee Hamisi akainuka, akamuuliza binti yake mbele ya watu, "Hiyo zamu, jirani akisusa je?"

Somoe akajibu, "Muulize, baba. Wote wako hapa."

Na kweli majirani wote walikuwepo. Wakajadiliana pale pale, kwa Kimakonde, kwa sauti kubwa, mimi siambulii neno. Nilichoelewa ni kupeana mikono mwishoni.

Zawadi ya kwanza walipewa kundi la maji. Somoe alininunia wiki nzima, na sikumlaumu.

Ngedere hawakuisha, tusidanganyane. Debe nalo walilizoea baada ya muda, ikabidi liwe linahamishwa hamishwa. Iliyodumu ni ile zamu.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Mzee Hamisi getini. Somoe alishaingia darasani. Pembeni yake kasimama binti mwingine, mrefu, sare imembana mabegani.

"Nwalimu, huyu wa dada yangu. Aliacha mwaka jana kwa ajili ya shamba." Akakohoa kidogo. "Bado mnampokea?"

Tulimpokea.

Nilichojifunza mimi, wakuu: ukiwaandalia vijana mashindano ya namna hii, waache wachague tatizo linalowauma wao, na suluhisho la kwanza likifeli usikimbilie kuwahamishia kundi jingine kama nilivyotaka. Na chakula cha wageni kiwekeni ndani.

Walimu wenzangu na mliosoma shule za kata, tupeni na yenu. Na kama kuna mtu wa kusini humu anayejua dawa ya kweli ya ngedere, aiweke hapa chini, kuna watu bado wanaihitaji.