Mstari wa Mkaa Kando ya Mlango

Kila nikisikia harufu ya mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto na karafuu, bega langu la kulia hushtuka, ingawa lililovunjika halikuwa langu. Lilikuwa la mama. Tulikaa juu ya Bigwa, pale njia ya mlimani inapoanza kuwa ngazi za mawe, na mama aliteremsha ndizi mjini kichwani, tenga zima, mikono ikining'inia tu kana kwamba hajabeba kitu. Asubuhi moja ya masika aliteleza. Tenga lilibingirika hadi mtoni, naye akaangukia bega. Baba alikuwa amekwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa, barua zake zikakoma, kwa hiyo bega lile ndilo lililotulisha.

Mkono ulipofunguliwa bandeji ulikuwa umekonda, na haukupanda kupita kiuno. Muuguzi wa zahanati alimwagiza asimame ubavu kwa ukuta na kupandisha vidole polepole kama buibui, asubuhi na jioni, na pale vilipofika iwekwe alama ya mkaa. Alama ikifika usawa wa kizingiti cha juu cha mlango, ndipo ajitwike tena. "Ukiacha kabla, bega litakakamaa," alisema, "na likikakamaa, mama, basi tena." Kazi ya kupaka mafuta na kushika mkaa ikawa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama aligeuzia uso mlangoni, akang'ata ncha ya kanga, vidole vikapanda huku jasho likimtoka puani. Jirani yetu Mama Pili, akipita na tenga lake, hakukosa neno. "Haya, mwali! Bado unacheza na ukuta? Ndizi zinaiva huku!" Mama alicheka, machozi yakimlenga. "Pita zako, mwenzangu. Nitakukuta njiani na kukupita."

Miaka ile biashara ya bidhaa za nje ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa. Sisi tuliozoea duka lenye rafu tupu tulianza kuona sabuni za kunukia, na kandokando ya njia panda ya Msamvu mabelo ya mitumba yalikatwa kamba kila asubuhi. Muuzaji mmoja aliwaruhusu watoto kupekua mifuko ya makoti kabla hajayatundika. Nilichotaka mimi ni vikaratasi: tiketi za mabasi ya nchi nisizozijua, orodha ya vitu vya dukani kwa lugha nisiyoweza kuisoma, mwandiko wa mtu aliyewahi kusikia baridi. Nilivitunza kwenye kopo la maziwa. Aliyechelewa alikuta mifuko imeshageuzwa nje. Na mama alikuwa na sharti moja: hatuachi mpaka tupite alama ya jana.

Siku moja vidole vilisimama chini ya alama ya jana, vikatetemeka. "Nimefika?" aliuliza, uso bado mlangoni. Jua lilikuwa limeshapanda. "Umepita, mama," nikasema, nikachora juu zaidi. Alishusha mkono, akageuka, akatazama. Sijawahi kumwona mtu akifurahia mstari wa mkaa namna ile. "Kumbe! Mbona mkono wenyewe haukuniambia?" "Ni mafuta hayo," nikamjibu, nikakimbilia Msamvu.

Mara ya pili ilikuwa rahisi. Mvua za vuli zilipoanza, alama ilikuwa kizingitini na vidole vya mama viliishia usawa wa sikio. Aliuamini ukuta kuliko mkono wake. Mama Pili alipiga vigelegele, mazoezi yakaisha. Siku ya soko mama aliinama, akashika tenga. Mkono wa kushoto ulipanda, wa kulia ukagoma. Tangu hapo alikaa kando ya njia na mzigo wake, akisubiri mpita njia. "Nitwishe, ndugu yangu." Siku nyingine soko lilimalizika akiwa bado amekaa. Muuguzi alimuuliza kama aliacha mazoezi mapema. "Niliacha nilipofika," mama akasema. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikiutazama mlango.

Shule niliiacha darasa la sita, nikaifuata barabara: Ifakara, Makambako, Tunduma, popote palipokuwa na kitu nisichokijua. Kote huko sijawahi kumpita mtu mwenye mzigo chini bila kumtwisha. Siku hizi bodaboda hupanda hadi mlangoni kuchukua ndizi, na njia ya mawe imeota majani. Mwaka jana fundi alikuja kupiga lipu, mama akamwambia aache kipande kando ya mlango. Ule mstari ukififia huukazia mwenyewe kwa mkaa, kwa mkono wa kushoto. Huwaonyesha wajukuu. "Mkono wangu huu uliwahi kufika pale. Nikazembea, ukarudi chini. Si ndiyo, Zuhura? Wewe ndiye shahidi."

"Ndiyo, mama," nasema, kisha namfunga kilemba, maana mkono wake wa kulia haufiki kichwani.