Bomba la Mama Omega

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025. Jua kali tangu asubuhi, upepo mkavu, wingu hakuna hata la dawa.

Febronia, ambaye kijijini kwao karibu na Mngeta huitwa mama Omega, alisimama kwenye jaruba lake la mpunga. Udongo ulikuwa umepasuka, kidole kinaingia. Majani ya mpunga yalianza kujikunja. Nusu ekari hiyo ndiyo ilikuwa chakula chote cha nyumba yake.

Serikali ilikuwa imeahidi mbegu na mbolea ya ruzuku kwa wakulima wa skimu ya umwagiliaji watakaobana maji. Sharti lilikuwa moja: zika shambani bomba lenye matundu la kupimia maji, na usifungulie maji mpaka yaliyomo ndani yashuke shibiri nzima chini ya udongo. Atakayefungulia mapema anafutwa jina. Bwana shamba Vitus angekuja kukagua kesho yake.

Febronia alichungulia bombani. Maji yalikuwa vidole vinne tu chini.

"Shikamoo, mzee Kasmiri," alimwamkia jirani aliyekuwa akipita tutani.

"Marahaba. Mama Omega, unalima mpunga au unafyatua matofali?"

"Bomba linasema maji yapo, baba."

"Basi kavune bomba!" Mzee alicheka, kisha akalitazama bomba na kicheko kikamkatika. "Kwa nini umelizika hapa, kando ya mfereji?"

"Ili bwana shamba asichafue viatu."

"Mfereji unavuja, mwanangu. Bomba lako linakunywa huko huko. Katikati mpunga unakufa."

Siku sita mpunga ulikuwa ukiungua kwa ajili ya viatu vya mgeni! Akifungulia, jina linafutwa. Asipofungulia, watoto watakula nini?

Kesho yake, kabla jua halijachomoza, alikwenda katikati ya jaruba na jembe, akachimba mpaka mkono ukazama hadi kiwiko. Hakukuta hata unyevu. Akafunga madongoa yale makavu kwenye pindo la kanga, akaenda kwenye mlango wa maji, akaling'oa gunia la mchanga lililouziba. Maji yalipoingia hakuyatazama. Alitoka barabarani, miguu imejaa tope, akaisubiri pikipiki ya bwana shamba. Ilipofika, alisalimia kwanza, kisha akalifungua pindo na kumwonyesha madongoa makavu ya katikati ya jaruba.