Niletee Plagi Zikiwa Chafu

Ipo siku moja naikumbuka kila nikisikia harufu ya petroli, na jana, mwanangu, ulinirudishia yote ulipofungua kile kitambaa mezani kwangu. Plagi nne, zile za kutoa cheche ndani ya injini, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Ukasema, "Shikamoo shangazi, nichagulie mpya, gari langu ni la mbio." Nikaitikia marahaba, nikazitazama, nikacheka mpaka ukanuna. Hukukosa adabu, usidhani hivyo. Kaa nikueleze nilichekea nini, maana kicheko kile kina umri mkubwa kuliko wako.

Wakati huo nilikuwa msichana wa kaunta katika duka la spea hapa mjini. Niliipenda kazi ile kwa sababu nina ugonjwa wa kuuliza, nao haujapona mpaka leo. Kila boksi nililifungua, kila chuma nilitaka kujua kinakaa wapi na kinafanya nini. Tajiri yangu alikuwa akisema nitakuja kumuuliza parafujo jina la mama yake. Nami namshukuru Mungu kwa ugonjwa huo, kwani bila huo pengine wewe usingezaliwa.

Unashtuka? Ngoja. Babu yako wa Usagara alimkabidhi baba yako, kaka yangu Kulwa, ng'ombe wa kumtolea mama yako mahari. Kulwa akamwambia mzee kwamba amewapeleka kwa rafiki yake Misungwi, wakatunzwe kule hadi siku ya kuwapeleka ukweni. Kwetu hilo ni jambo la kawaida, mtu kumwekea mwenzake mifugo, kwa hiyo mzee hakuuliza zaidi. Kumbe ng'ombe walishauzwa, wamekuwa gari la milango miwili, lenye tabo, yaani ile feni ndogo inayoishindilia injini hewa nyingi kuliko inayoweza kuvuta yenyewe. Mpango wake ulikuwa kuingia mashindano ya barabara za vumbi. Kulikuwa na bwana mmoja aliyelitaka gari hilo, likimaliza salama. Atalinunua, Kulwa atarudisha ng'ombe, ataoa, na baba hatajua lolote. Aliniambia mimi peke yangu. Injini ikifa, hakuna gari, hakuna ng'ombe, na mama yako ataolewa na mwingine.

Sasa injini ikaanza kugonga kila inapopanda mlima, kama kokoto ndani ya kopo. Kulwa akazifungua plagi, akaniletea kaunta. "Shija, nipe mpya zinazoshinda zote kwa ubora. Zile zenye ncha kama sindano."

Ningeweza kumpa palepale, mambo yakaisha. Boksi lake lilikuwa zuri, hata mimi nililipenda. Lakini nilipoligeuza nikaona namba. Plagi za nyuzi zilezile za kukazia, urefu uleule, sura ileile, ila namba tofauti. Kwa nini? Tajiri hakujua, akanituma kwa Fundi Mabula kule Ilemela. Nami, mtoto niliyelelewa, nikajiambia mzee hapewi kitu kichafu. Kwetu hata jembe la kuazima unalikung'uta udongo kabla ya kulirudisha. Nikakaa na petroli na brashi ya waya, nikazisugua plagi zile mpaka nikajiona usoni mwake.

Fundi Mabula alikuwa na gereji kati ya majabali mawili, na tabia yake moja ilinifurahisha: kila kifaa alikinusa kwanza kabla ya kukitazama. Alinusa plagi yangu, akaiweka chini. Akachukua ya pili, akainusa, akaiweka chini.

"Nani amezifanya hivi?"

"Ni mimi, mzee," nikasema, nikitabasamu, nikingoja sifa.

"Baba yako anafuga?"

"Anafuga."

"Ng'ombe akizubaa, hataki majani, baba yako huanza kutazama wapi?"

Nikaona aibu kulitaja mbele yake, lakini nikalitaja. "Kwenye kinyesi, mzee."

"Ehe. Sasa wewe umenifagilia zizi lote, halafu unaniuliza ng'ombe anaumwa nini."

Hakunifokea, mwanangu, na ndiyo maana neno lile lilinichoma. Lakini wakati uleule nilisikia kitu kinafunguka kichwani. Kumbe plagi inasema! Nikavuta kopo la rangi, nikaketi, nikamwuliza kila nilichotaka, naye alipoona nauliza kwa njaa ya kweli akaanza kunijibu.

Akanionyesha ule mdomo mweupe wa kauri ulio ndani ya plagi. Kuna plagi yenye mdomo mrefu, hiyo hukawia kupoa. Inafaa gari la kwenda sokoni na kanisani, kwa sababu lile joto huunguza masizi. Kuna yenye mdomo mfupi, hiyo hulitoa joto upesi, nayo inafaa injini inayokimbizwa. Namba zile nilizoziona zilikuwa zinasema hilo tu. Ukiiweka ya mbio katika gari la kutembea taratibu, itajaa masizi na gari litakohoa. Ukiiweka ya sokoni katika injini ya mbio, itawaka kama kaa la moto, iwashe mafuta kabla ya wakati wake, na siku moja pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, itatoboka. Zile za ncha ya sindano hudumu, alisema, ila udumu wake hauwezi kujua gari linaishi vipi. Kizuri chajiuza, akacheka, na maboksi yale yalijiuza sana.

"Basi twende tukaliulize lenyewe," akasema.

Kulwa akaja na gari likivutwa kwa kamba, maana plagi zake tulikuwa nazo sisi. Mzee akamwuliza kama amegusa chochote kwenye injini. Kulwa akajibu, "Hapana mzee, iko kama ilivyotoka kiwandani." Nilimjua kaka yangu, alipenda kukuna sikio akisema uongo, na siku ile alilikuna.

Tukazirudisha plagi, tukapanda mlima kwa nguvu zote, mimi nyuma nimeshika kiti. Kule juu, injini ikiwa imekamuliwa haswa, mzee akapiga kelele, "Zima! Usiiache ingurume, zima hapohapo!" Maana injini ikiachwa ingurume taratibu, plagi hubadili maneno. Tukalisukuma pembeni. Mzee akafungua plagi kwa tambara, akazipanga juu ya gunia kwa mpangilio wa silinda zake, akaniachia mimi nitazame kwanza.

Tatu zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ingawa maziwa yalizidi kidogo. Ya nne ilikuwa nyeupe kama chokaa, na juu ya weupe ule kulikuwa na vitone vidogo vidogo vinavyometa. Nikauliza ni nini. Mzee akainusa.

"Hiyo ni pistoni," akasema. "Imeanza kuyeyuka. Silinda hii inapata hewa nyingi na mafuta kidogo. Nozeli yake, kile kitundu kinachonyunyiza mafuta, imeziba. Na hizi nyingine zimepauka, kuna mtu ameongeza presha ya tabo. Kijana, plagi hazijui kukuna sikio."

Kulwa akatazama ziwa kule chini, kisha akasema yote. Alikuwa amempa mtu aiongeze presha, tena mara mbili. Na midomo ilipofunguka haikufungika tena, akamsimulia mzee wa watu hadi habari za ng'ombe na mama yako, pale kando ya barabara. Nilimhurumia, na nilimpenda sana siku ile.

Fikiria, mwanangu, kama ningempa lile boksi zuri. Angefunga plagi mpya, angefurahi, na injini ingekufa kabla ya mashindano kumalizika.

Mzee akasafisha nozeli, akashusha presha. Ndipo akachagua plagi: za kawaida, hatua moja tu kwenye upande wa kupoa upesi, na pengo la ncha akalipunguza kidogo, kwa sababu upepo wa tabo huzima cheche kama mshumaa dirishani. Kulwa hakushinda mashindano, wala hakukaribia. Alimaliza tu, yule bwana akalichukua gari, na ng'ombe wakanunuliwa.

Sasa hakuna aliyemlazimisha kusema. Lakini alinifuata akaniambia, "Shija, nisindikize Usagara, nataka kwenda kwa baba bila kujiosha." Tukaenda. Alieleza tangu mwanzo, mimi nikitazama vidole vya miguu yangu. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Nilipita Misungwi kwa rafiki yako. Zizi halikuwa na samadi." Kisha akauliza, na macho yake yalikuwa ya mtoto kabisa, "Hilo gari lenyewe, lilikuwa linakula nini?" Wakaongea habari za gari mpaka chakula kikapoa. Na mahari yakapelekwa.

Basi ndicho nilichochekea jana. Nilikuuliza unaendeshaje, ukasema, "Kawaida tu shangazi, hakuna shida," na mkono ukaenda sikioni. Nami nimekusikia usiku barabara ya uwanja wa ndege, naujua mlio huo.

Zirudishe plagi zako, liendeshe unavyoliendesha kweli, uzime, kisha uniletee hivyo hivyo na masizi yake. Usinunue kwa boksi. Uliza kwanza gari linaishi vipi, ndipo uchague. Ikiwa moja inatofautiana na wenzake, usiitupe, hiyo ndiyo inayokuambia jambo. Na wewe mwenyewe ukiwa na shida, usijisugue kwanza ndipo uje. Wazee walisema mficha uchi hazai, na nyumbani kwenu methali hiyo nusura itimie.

Mungu akulinde kwenye kona na kwenye mteremko, akupe mikono mitulivu na moyo wa kuuliza. Akujalie mtu wa kumwendea ukiwa mchafu. Mlango wangu uko wazi, na gunia la kuzipangia nimeshalitandika.