Fundi Sikio na Moto Alioucheka

Kinachotangulia ni kikohozi. Puh, puh, kisha kimya, kisha mlio mkavu wa injini inayotaka kuwaka na kushindwa. Saa mbili asubuhi mlango wa bati wa karakana bado haujafunguliwa, na aliye ndani anasikika tu akisema na chuma: "Una njaa wewe. Tulia, nakulisha."

Mlango unapofunguka, anaonekana mwanamume wa miaka arobaini na minne ameinamia kabureta mbili za gari la mbio, vile vyombo vinavyochanganya mafuta na hewa, sikio la kushoto nusura liguse injini. Mtaa mzima unamwita Sikio. Wenzake wana vipimo, yeye husikiliza.

Kazi hii ameifanya miaka ishirini na mmoja. Kwa wiki hutengeneza kabureta tano au sita za teksi na jenereta, na hizo ndizo zinazomlisha. Lakini jina alilipata kwa magari ya mbio, yale yanayoshindana mawili mawili kwenye mstari ulionyooka wa mita mia nne. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu, mbio zimekwisha.

Kwenye benchi kuna jeti, vipande vya shaba vyenye tundu jembamba ambamo mafuta hupita. Sikio hupanua matundu hayo kwa mkono, akizungusha keekee nyembamba kama uzi. Petroli, anaeleza, hutosheka na tundu dogo. Ukihamia methanoli, ambayo mafundi huiita spiriti, injini hunywa karibu mara mbili, kwa hiyo tundu lazima liongezwe.

"Spiriti inapoza injini na inaipa nguvu," anasema. "Ila ina hila. Ikiwaka mchana, mwali huuoni."

Anafuta mikono ambayo tayari ni safi.

Miezi kumi iliyopita, gari hili hili alikuwa akiliendesha shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike. Ni mtu wa utani, mdomo haumlali. Akishinda, desturi yake ni kutoka garini akicheza, akijipiga mikono na mapaja, na watu huvunjika mbavu.

Siku hiyo alishinda. Akatoka akicheza na kupiga kelele. Jua lilikuwa la utosini, moshi hakuna, mwali hakuna. Sikio alicheka, akapiga makofi, akawaita mafundi wengine waje waone vituko vya shemeji.

Aliyeng'amua ni mke wa shemeji, dada yake Sikio. Aliona mkono wa ovaroli ya mumewe ukijikunja na kuyeyuka wenyewe, akanyakua ndoo ya maji, akammwagia.

"Nilicheka," Sikio anasema, macho sakafuni. "Mtu wangu anaungua, mimi nacheka. Sekunde sita, labda saba. Zile sekunde huwa nazihesabu upya."

Sikio linaloweza kutambua jeti iliyozidi kwa unene wa unywele halikutofautisha kilio na wimbo.

Shemeji alilazwa siku thelathini na nane. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena. Kwenye chakula cha familia, Sikio huwahi kukaa kushoto kwake ili asiuone mkono ule. Shemeji ameshaishtukia mbinu hiyo, na sasa humwita Sikio Mpishi. Hunyoosha vile vidole na kumwomba Mpishi amsogezee bakuli, maana mkono ule, nyama aliyoichoma Mpishi mwenyewe, haufiki mbali. Mezani wote hucheka. Sikio hutafuna tonge moja mpaka likose ladha.

Aibu ya kicheko watu wanaijua. Nyingine ameificha kwenye kiberiti kitupu, juu ya rafu.

Saa nne shemeji anaingia na mkewe. Zimebaki siku kumi na mbili kabla ya mashindano, na anataka kurudi kwa spiriti, kwa sababu kwa petroli atakula vumbi la wenzake. Mke ameweka sharti: kaka yake aseme mwenyewe kwamba gari ni salama. Akisema si salama, hakuna mbio.

Shemeji anaanza maskhara yake, anauliza Mpishi leo anapika nini. Sikio anashusha kiberiti, anatoa kijichuma chenye ncha ya mpira iliyovimba, anakiweka kwenye kiganja cha dada yake.

Ni sindano ya kabureta, anawaeleza, ile inayoziba mafuta bakuli la kabureta likijaa. Mpira wake ni wa petroli, spiriti huuvimbisha. Alibadili jeti zote, hii akaiacha. Sindano ya chuma kitupu ingechelewa siku tatu kufika, naye hakutaka kukosa mbio. Ikakwama wazi. Spiriti ikafurika, ikamwagikia bomba la moshi lililokuwa la moto, ikawaka na kushika ovaroli.

"Nilijua," anasema. "Nilijiambia, mbio moja itavumilia."

Kwa mara ya kwanza shemeji hana utani. Anautazama mkono wake kana kwamba ameuazima.

Dada anakigeuza kile kichuma. "Miezi kumi namlaumu mume wangu kwa kupenda mwendo. Na wewe unakula kwangu, kaka, unanisikia nikimlaumu."

"Nakusikia."

"Ni salama au si salama?"

Sikio anatazama kabureta alizofungua tangu alfajiri. Anasema leo si salama. Sindano mpya za chuma zitafika wiki hii, na mabomba ya mpira yote atayatoa. Kisha, polepole, anainua macho na kuutazama mkono wa kulia wa shemeji yake, vidole vyote vitano, halafu anamgeukia dada.

"Injini hii haitaonja spiriti kabla hujashika kila sindano kwa mkono wako. Na siku ya mbio nitasimama mwisho wa mstari na ndoo ya maji. Akitoka akicheza, nammwagia kwanza. Kucheka, sitacheka mpaka uanze wewe."