Mbaazi Zilikuwa Bado Shambani

Mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya, kila aliyevaa buti na kushika futi kamba pale Babati alijiona mkubwa. Mimi jioni nilikuwa nikijifunza Kihispania kwenye ukumbi wa kanisa, kwa mwalimu aliyewahi kuongoza watalii Arusha. Nilitaka kazi kama hiyo. Mama alikuwa na ekari moja Nangara, mahindi na mbaazi pamoja, na hiyo ndiyo iliyotulisha.

Siku moja akaja mpima ardhi, kijana wa umri wa kuzaliwa na mama. Hata shikamoo hakumpa! Akapigilia vigingi huku akisema, "Mama, hapa mlikuwa mnalima, sasa mmeshavuna. Inapita barabara ya kwenda ofisi za mkoa."

Mmeshavuna! Babati hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba mahindi yakitoka, mbaazi hubaki. Zilikuwa ndiyo kwanza zinatoa maua. Mama akamwonyesha, akaomba asubiriwe avune. Bwana yule akasema atafikisha ujumbe. Aliufikisha wapi, sijui, maana wiki haikuisha greda likapita juu ya maua. Majirani wakatuambia mwenye nguvu mpishe. Tumpishe mara ngapi?

Jioni hiyo nikaenda darasani nimefura. Mwalimu aliandika ubaoni *cultivar*, kulima, akafuta *ar* ya mwisho, akatuimbisha: *cultivaba, cultivabas, cultivaba, cultivábamos, cultivabais, cultivaban*. Akaeleza kuwa hivyo ndivyo husemwa mambo yaliyokuwa yakifanyika siku zote, zamani. Kisha akanigeukia.

"Tupe mfano wa nyumbani kwenu."

Mfano niliokuwa nao ulikuwa mmoja tu. "*Mi madre cultivaba maíz y guisantes*," nikasema. Mama yangu alikuwa akilima mahindi na mbaazi; neno la mbaazi hatukuwa nalo, nikaazima la njegere.

"Safi kabisa!" akasema mwalimu, na darasa zima likanipigia makofi. Makofi, kwa jambo lile! Nilitamani kumtupia chaki.

Nyumbani nilimkuta mama akiwalisha mbuzi matawi aliyookota nyuma ya greda. Akaniuliza leo tumefundishwa nini.

"*Cultivábamos*."

"Ndiyo nini?"

"Tulikuwa tukilima."

Aliinua tawi, akaligeuza kutazama maua, akawatupia mbuzi.

"Mwambie mwalimu wako," akasema, "mimi sijamaliza kuvuna."