Kuogopa Kipaza Sauti

Mama aliniruhusu kuimba kwa sharti moja: niende na kaka yangu, nirudi na kaka yangu. Hatukuwa wa tumbo moja, alikuwa mtoto wa mama mdogo, lakini tulilelewa nyumba moja pale Malindi. Yeye alipiga gitaa la solo. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, mwimbaji pekee wa kike katika bendi. Kiongozi wetu, mpiga besi, alikuwa mtu wa bara, mpishi katika hoteli moja ya ufuoni. Jumamosi na Jumapili alasiri tulipiga kwenye bustani za mahoteli, na mara mojamoja tukaitwa kwenye sherehe Gede au Kilifi.

Sherehe moja ya Kilifi ilikuwa harusi, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Jukwaa lilikuwa mbao zilizolazwa juu ya kreti za soda, na umeme ulivutwa kwa waya mrefu kutoka dukani. Mchana manyunyu yalikuwa yamepita. Tulizipangusa mbao kwa gunia, tukaona imetosha. Tangu wimbo wa kwanza kipaza sauti kilikuwa kikinichoma midomo, vichomo vidogo kama vya siafu. Nikamwambia kiongozi.

"Basi usikiguse," akasema. "Imba tu."

Nikarudi nyuma kidogo nikaendelea.

Tulikuwa na wimbo wetu wenyewe, ambao tulikuwa tukijiandaa kwenda kuurekodi Mombasa. Kiitikio chake kaka aliimba pamoja nami. Kilipofika akaja na gitaa kifuani, mkono wa kushoto kwenye nyuzi, na kwa mkono wa kulia akashika chuma cha kipaza sauti akivute kwake.

Hakuimba. Shingo ilimkakamaa, kichwa kikarudi nyuma, mwili mzima ukaanza kutetemeka. Watu wakadhani anacheza. Wakapiga makofi, na mwanamke mmoja akatoa kigelegele. Mimi nilikuwa karibu yake, niliyaona macho. Yalinitazama mimi, yakiniomba, na mdomo hauwezi kutoa neno.

Nikanyoosha mkono nimshike. Kiongozi akanivuta kwa nyuma hata gauni likachanika begani.

"Usimguse! Utakufa naye!"

Mpiga ngoma ndiye aliyeinua kigoda chake cha mbao akakipiga kile chuma, kikaruka. Kaka akaanguka chali, gitaa juu yake. Nilijua amekufa. Nilisimama pale na bega wazi mbele za watu, sikukumbuka hata kujisitiri.

Hakufa, alhamdulillahi. Walimlaza hospitali kwa muda, wakamfunga vidole vya mkono wa kushoto, ambavyo nyuzi zilikuwa zimeviunguza hadi ndani. Viwili havikunyooka tena.

Baada ya hapo hofu ilihamia kwangu. Taa ya chumbani niliiwasha kwa mpini wa upawa. Pasi sikuishika, nikaacha nguo na makunyanzi yake. Usingizini nilikuwa nikisikia kile kigelegele. Mama aliniona na upawa mkononi, akapita.

Kisha kiongozi akaja nyumbani. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti."

Akaketi, akaomba radhi kwa yaliyotokea, akasema siku yetu ya studio imekaribia na tukiiacha huenda tusipate nyingine. Gitaa la kaka angelipiga mtu mwingine. Ila mimi hakuwa na wa kumweka mahali pangu.

"Mwanangu hatoki hapa peke yake," mama akasema. "Aliyekuwa akimpeleka mmeniletea mkono umefungwa kitambaa."

Kaka alikuwa amejilaza sebuleni, tukadhani amelala. "Nitakwenda naye," akasema.

"Kwa mkono upi?"

"Nimebaki na mmoja, mama mkubwa. Unatosha kumrudisha."

Mama akageuza uso ukutani, lakini hakusema hapana. Mimi nilitamani aseme.

Studio ilikuwa chumba kisicho na dirisha, kuta zimefunikwa mikeka na magunia ili sauti isirudi. Feni ilizimwa kwa sababu ya kelele zake, na jasho likatutiririka kabla hatujapiga hata noti. Tulirekodi wote kwa pamoja. Akikosea mmoja, tunaanza upya. Fundi alikaa nyuma ya kioo. Taa nyekundu ikiwaka hakuna anayethubutu hata kukohoa.

Ikawaka. Nikaimba nikiwa mbali na kipaza sauti. Fundi akatusimamisha.

"Dada, sogea. Nakusikia kama uko uani."

Nikasogea kidogo. Akatusimamisha tena. Kiongozi akaanza kuuma meno. Nilikitazama kile chuma, na miguu ikakataa. Nikasema, "Siwezi," nikaanza kulia mbele ya wanaume wote wale.

Kaka alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya kioo. Akafungua mlango, akaja, akasimama kando yangu. Akatazama chuma kwa kitambo. Kisha akakishika kwa mkono wake mzima.

"Umeona? Kimya. Hakiumi."

Lakini suruali yake ilikuwa ikitikisika magotini. Nadhani hakuna aliyeona ila mimi.

"Kiitikio nitakiimba mimi," akamwambia kiongozi. "Mdomo haukuungua."

Taa ikawaka. Safari hii nilisogea, na wimbo ukaenda vizuri, mwanzo hadi kiitikio, kiitikio hadi mwisho. Gitaa likamaliza. Ilibidi tukae kimya mpaka taa izimike. Nikamgeukia kaka. Macho ameyafumba, shingo imekakamaa, mkono umeng'ang'ania chuma, hauachii.

Nilipiga ukelele nikakipiga teke kile chuma, kikaanguka sakafuni kwa kishindo. Nikaanguka nacho.

"Una wazimu?" kiongozi akapaza sauti.

Kaka akafumbua macho. Alinitazama, akautazama mkono wake, akaelewa. "Nilikuwa nimejishikilia tu," akasema taratibu. "Niliogopa kuachia."

Mpiga ngoma akatoka nje akavuta sigara. Fundi akakiokota kipaza sauti, akakikagua, akakikuta kizima, akatuuliza kama tunarudia au tunakwenda zetu. Tukarudia. Hiyo ndiyo iliyoingia kwenye santuri, na kila nikiisikia najua mahali ambapo pumzi yangu inakatika, kwa sababu nilikuwa nikiuangalia mkono wake.

Redio iliupiga wimbo ule miezi kadhaa baadaye, adhuhuri. Mama alikuwa akikuna nazi. Aliacha mbuzi, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo anayekuitikia ndiye yeye?" Nikamwambia ndiye. Akarudi kukuna.

Kaka hakupiga gitaa tena. Alipata kazi ya bohari katika hoteli ileile ya kiongozi, na tulipopiga bustanini alikuja kuketi mbele, karibu na swichi kubwa ya umeme, macho yake kwenye miguu yangu na waya. Niliimba miaka mitano mingine. Watu walidhani nimezoea.