Muhogo wa Mama Uliomo Chupani

Mchana mmoja wa Ramadhani nilikuwa jikoni namenya muhogo wa futari. Ulikuwa muhogo wa mama yangu, mbegu niliyopewa nilipoolewa nikahamia hapa Ole, mlaini ukipikwa kwa nazi hata kibogoyo anaula. Shambani majani yake yalikuwa mazuri, kijani kitupu. Nilipoukata, ndani umeoza, madoa ya kahawia makavu kama kizibo. Nikakata mwengine, vile vile. Tulifutari ndizi, na mimi nimenuna.

Akaja bibi shamba, msichana wa juzi tu, na wenzake wa maabara. Wakachuma majani, wakakata na vijiti, wakaenda zao. Aliporudi akasema ni virusi, huletwa na nzi weupe wadogo na hukaa ndani ya mbegu. Akanipa mbegu mpya, eti vinasaba vyake vina kinga. Nikamuuliza vinasaba ndiyo nini.

"Ndivyo vinavyoufanya muhogo wako uwe ule ule wa mama yako, Bibi, usiwe mwengine."

Hapo nilimfahamu. Lakini alitaka ule wa zamani niung'oe wote niuchome.

Niliuchoma bila ya wasiwasi. Kwetu mbegu ya muhogo haiuzwi, huombwa, na ukipotelewa na yako unakwenda kuiomba kwa uliyempa. Nusu ya Ole wamepanda kutoka kwangu. Kila aliyebeba tita la mbegu jina lake ninalo kichwani mpaka leo. Sitoyaandika tu, wengine wameshatangulia. Nikasema ya kwao imehama zamani, itakuwa nzima. Nikaanza na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu.

"Leo umekuja kuomba," akasema. "Na siku zote unavyojivuna, utasema muhogo umeuumba wewe."

"Nipe mbegu, wifi. Maneno utanipa baadae."

Akang'oa shina moja, akaupasua muhogo wake kwa panga mbele yangu. Kahawia tupu.

"Haya, chukua. Na maradhi yako uchukue, si umeyaleta wewe na matita yako."

Nilizunguka nyumba zote. Kila nilikopeleka mbegu, maradhi yalishafika nayo.

Nikamwendea bibi shamba nimekasirika. Akanambia muhogo wa mama haujafa. Katika vile vijiti walichukua kincha kidogo, wakakisafisha virusi, sasa kinaota ndani ya chupa.

"Basi nirudishie."

"Tukikurudishia, nzi watautia maradhi tena. Tunauzalisha na ule wenye kinga. Utapata mtoto wao."

"Huyo mtoto atakuwa muhogo wa mama yangu?"

"Nusu, Bibi."

"Nusu ipi? Ya ulaini au ya majani?"

"Hiyo hatuijui mpaka tupande wengi, tuchague."

Tangu hapo kila akipita namuuliza, na kila nikimuuliza ni bado. Huu mpya hauozi, sikatai. Lakini kuni zinakwisha, tui linakauka, nao bado mgumu. Wifi yangu siku hizi hana meno. Akija kufutari humpondea wake kwenye kinu, na hata tonge la kwanza hajameza, huniuliza, "Wa chupani bado?"

Namwambia ale.